Nane ya Heshima

Katika bonde letu vijana wote wana furaha ya kiwango cha nane. Nimewauliza mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kuanzia mtoni mpaka kule ambako barabara inafia kwenye theluji. Unamwonyesha kijana picha ya ngazi yenye vipandio kumi, unamweleza kwamba cha juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote anayoweza kuyawazia na cha chini ni mabaya kuliko yote. Anaitazama ngazi, anamtazama mama yake, halafu anaweka kidole kwenye nane. Kumi ni majivuno na huita kijicho. Tano ni kuwaaibisha wazazi mbele ya mgeni. Nane ni adabu. Ofisini Bishkek, mji mkuu wetu, wanachora chati na kutangaza kwamba vijana wa milimani wana raha kuliko wa mjini, nami nawaacha waseme, kwa sababu nalipwa kwa kuuliza, silipwi kwa kuamini.

Naitwa Zuurakan. Nilifundisha Kirusi mjini Naryn mpaka nikastaafu. Kazi hii ya kuhoji vijana nilipewa na Emil, msimamizi wetu, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, aliyetukusanya hotelini na kutusomea kanuni. Kwanza, anayehojiwa awe peke yake. Pili, usibadilishe neno lolote, la swali wala la jibu. Tatu, usiingilie maisha ya mtu. Emil hajawahi kuishi nyumba moja na mama mkwe, kwa hiyo ile kanuni ya kwanza aliisoma bila hata kucheka.

Mwezi wa Aprili kishikwambi tulichopewa cha kuandikia majibu kilimchagua Sirga, mke wa mtoto wa Bakyt mfugaji. Alikuwa na miaka kumi na minane. Aliolewa Novemba, akiwa darasa la mwisho la sekondari, na mumewe akarudi Urusi kwenye kazi ya ujenzi kabla hata vyombo vya harusi havijarudishwa kwa majirani. Nilimkuta anakanda unga. Mama mkwe wake, Burulcha, alikuwa ameketi kwenye magodoro, magoti yamemvimba, akapiga kelele za kunikaribisha na kunimiminia chai nusu kibakuli, kama inavyostahili kwa mtu unayetaka akae.

"Mama, samahani," nikamwambia, "nilikuwa naomba nizungumze naye peke yake kidogo."

"Peke yake? Nikuache mgeni na chai bila mwenyeji? Unataka watu waseme Burulcha kamkimbia mgeni wake? Uliza, uliza. Sisi hatuna siri hapa."

Nikauliza. Umri, Burulcha akajibu. Chakula cha asubuhi, Burulcha akajibu. Nikafika kwenye shule: unasoma, umemaliza, au umeacha?

"Amemaliza," Burulcha akasema.

"Sijamaliza, mama," Sirga akauambia unga.

"Haya, kabakiza miezi ya kukalia kiti. Akasome nini tena, kuwanyonyesha wanakondoo? Mimi nainuka kwa kushika ukuta, dada yangu, unaniona. Nani akamue?"

"Mtihani ni Juni," Sirga akasema, bado kwa unga. "Mwalimu mkuu ananishikia nafasi mpaka Mei ianze. Baada ya hapo jina linafutwa."

Shule iko mtaa wa pili tu. Kengele ilipolia muda mfupi baadaye niliiona shingo ya yule binti ikigeuka yenyewe, halafu akakumbuka na kuirudisha. Nilimhurumia, na nikabonyeza kisanduku cha "ameacha", kwa kuwa hakukuwa na kisanduku cha mtu anayesikiliza kengele.

Ndipo akaingia baba mwenye nyumba, ananuka kondoo, mwanakondoo mchanga kamfunika ndani ya koti.

"Nani huyu? Wa serikali?"

"Wa utafiti," Burulcha akasema. "Anatafuta kama vijana wana furaha."

"Basi amefika!" Mzee akajipiga kifua. "Mwambie asihangaike, mimi hapa!"

Tukacheka wote isipokuwa Sirga. Kwetu neno la furaha ni bakyt, na Bakyt ndilo jina lake. Nilichokuwa sijakifikiria mpaka dakika ile ni kwamba Sirga haruhusiwi kulitamka. Mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo, hata kama neno lenyewe ni la kila siku. Mimi baba mkwe wangu aliitwa Tash, yaani jiwe, na kwa miaka yote ya ndoa yangu niliyaita mawe "vigumu", mpaka wanafunzi wakanicheka darasani. Mabwana wa Bishkek walikuwa wameijaza bakyt kwenye kila ukurasa, na hakuna aliyewaza kwamba nusu ya wasichana walioolewa huenda wanaishi na mzee wa jina hilo.

"Sasa yeye huiitaje?" nikauliza.

"'Kile kizuri'," Burulcha akasema kwa fahari. "Tangu aje hajateleza hata mara moja. Amelelewa, huyu."

Nikamwonyesha ngazi. Akaifuta mikono, akamtazama mama mkwe, akaweka kidole. Nane.

Lililofuata lilikuwa swali la maneno. Kwako wewe furaha ni nini, na unaipata wapi?

"Kile kizuri..." Sirga akaanza.

"Ngoja, mwanangu. Natakiwa niandike neno kwa neno. Bishkek wakisoma 'kile kizuri' watajuaje unasema nini? Watadhani ni kitoweo."

Kanuni hainilazimishi kusema hivyo. Ningeweza kuandika na kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeiona ile shingo.

Bakyt akacheka, akamweka mwanakondoo karibu na jiko, akapokea kibakuli chake cha chai. "Litaje leo, binti. Nakuruhusu. Jina langu si moto, halitakuunguza."

"Wee mzee! Mbele ya mgeni?" Burulcha akang'aka.

"Ni kwa ajili ya serikali."

"Si wa serikali!"

"Basi ni kwa ajili ya huyu. Sema, binti."

Sirga akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Akasema taratibu, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu:

"Niliahidiwa bakyt. Mbele ya baba yangu, mkate ukiwa mkononi. Niliambiwa mwaka mpya ukipita nitarudi shule. Tangu nivuke kizingiti hiki, bakyt sijaiona."

Au labda alisema "Bakyt sijamwona". Kwa lugha yetu maneno ni yaleyale, uwe unasema kitu au mtu, na mpaka leo sijui alikusudia lipi. Najua tu kwamba aliyeapa na mkate mkononi mbele ya wazazi wa binti ni mmoja, mzee yule, na kibakuli kilimganda karibu na mdomo.

Nikaandika. Nikasoma kwa sauti nilichoandika, maana ndivyo inavyotakiwa.

"Umeandika kwa herufi gani?" Bakyt akaniuliza. Sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Herufi ipi?"

"Ya mwanzo. Ndogo au kubwa?"

Nikatazama kishikwambi. Kidole kilikuwa kimeshajiamulia. "Kubwa," nikasema.

Akaweka kibakuli chini, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kwa kondoo. Burulcha alichukua birika, akanijazia chai mpaka ukingoni kabisa, ikabaki kidogo tu imwagike. Hiyo kwetu haihitaji tafsiri. Nikainywa ikiwa inaunguza, nikaaga. Mlangoni akanifuata kwa kushika ukuta.

"Umekuja na ngazi yako kunivunjia nyumba," akaniambia. "Mwanangu yuko mbali, magoti yangu ndiyo haya, na wewe unamfundisha mtoto wa watu kulalamika."

Magoti yake niliyaona na yalikuwa ya kweli. Njiani nilijilaumu. Kama mzee angekasirika vingine, mimi ningekuwa kitandani kwangu Naryn, na binti angebaki na wale watu. Nilimpigia Emil nikamwambia kuna jibu la maneno lenye uzito. Akalifungua, akasema ni zuri, akaliweka kwenye kundi la "mengineyo".

Baadhi ya nyumba hurudiwa ili kuhakiki, na kwa Bakyt nilirudi mwanzoni mwa Juni. Nilipanda ule mtaa bila hamu. Uani nikamkuta mzee mwenyewe amekaa kwenye kigoda, anakamua ng'ombe, na ng'ombe hapendi. Ndoo ilikuwa na maziwa ya kumtosha paka.

"Usinicheke," akasema.

"Sijacheka."

"Unacheka kwa macho." Akahangaika na chuchu kidogo. "Ile herufi. Unaweza kuirudisha iwe ndogo?"

"Kanuni hairuhusu kubadilisha jibu."

"Basi iache."

Ndani, Burulcha alinimiminia nusu kibakuli bila kunitazama, akaenda zake chumba cha pili na kufunga mlango kwa nguvu. Hivyo kanuni ya kwanza ya Emil ikatimia kwa mara ya kwanza katika bonde letu, kwa sababu mwenyeji hakutaka kuuona uso wangu. Sirga alikuwa na wino vidoleni na macho mekundu. Kitabu cha hesabu kilikuwa wazi juu ya gunia la unga.

Nikampa ngazi. Akautazama mlango uliofungwa.

"Niseme ya kweli, mama?"

"Sema yako."

"Nne."

Siruhusiwi kuuliza kwa nini, nikanyamaza, na kunyamaza nako ni kuuliza.

"Hesabu sizielewi. Wenzangu wamenipita miezi yote ile. Yeye kule Urusi simu hapigi tangu alipoambiwa nimerudi darasani. Mama haongei nami, anaongea na birika. Nikifeli watasema si tulisema." Akajipangusa pua kwa kiganja, akaipaka wino. "Nne. Usiandike nane."

Nikaandika nne.

Emil alinipigia kabla gari halijafika mjini. "Mama Zuurakan, kuna kosa mahali. Huyu binti wa kwa mfugaji, Aprili alikuwa nane, leo nne. Mfumo unamkataa. Kapatwa na nini? Kafiwa?"

"Hapana. Yuko mzima, anajiandaa na mtihani."

"Sasa mbona ameanguka hivyo?"

"Hajaanguka," nikamwambia. "Aprili alinikaribisha. Leo amenijibu."