Sentensi ya Tano

Fundi makochi alikuwa na kichwa kigumu, hilo hata misumari yake ilijua. Neno samahani halijawahi kumtoka mdomoni. Akikosea, ananunua nyama kilo moja, anaitua mezani, basi, yameisha.

Safari hii nyama haikufua dafu. Alikuwa amepungukiwa kitambaa cha kumalizia kochi la mteja, akafungua kabati na kuchukua pazia la maua ambalo mkewe alipewa na mama yake siku ya harusi. Akalikata! Mke alipomaliza kulia, akanuna. Wiki ya tatu sasa anaongea na paka tu. "Paka, mwambie mwenye nyumba chakula kiko mezani." Fundi naye anajibu, "Paka, mwambie ahsante." Nyumba gani hiyo, jamani? Mtu alikuwa anamkumbuka mke wake na huku wamekaa chumba kimoja.

Jumamosi akaenda kwenye darasa lake la Kiingereza, alilojiunga nalo ili aweze kuandikiana na wateja wa mahoteli. Mwalimu, mama asiyecheka ovyo, akaandika ubaoni: "I apologise for". Akaeleza kuwa ndivyo watu wanavyoomba radhi, na kwamba kosa lenyewe hutajwa hapo hapo.

"Sentensi tano. Na ziwe za kweli. Atakayeniletea za kitabuni, namrudishia."

Nne zilitoka mbio: kuchelewa darasani, mguu wa kiti cha mteja uliolegea, kukoroma, kumwita shemeji yake bahili. Ya tano, ile ya pazia, ikamkaa kooni. Akaiandika, akaifuta, akaiandika tena: "I apologise for cutting your mother's curtain." Akashangaa kuona kalamu haikuvunjika.

Mwalimu akaziwekea zote alama ya vema. Chini ya ile ya mwisho akaongeza kwa wino mwekundu: Sahihi kabisa. Mwenyewe ameiona?

Nyumbani akaliacha daftari wazi mezani, akajifanya anapiga msasa mguu wa stuli uliokuwa laini tangu juzi. Mkewe, karani wa mapokezi kwenye zahanati, anayeongea Kiingereza na wagonjwa wa kigeni kutwa, akasoma. Akarudia kusoma. Midomo ikamcheza.

"Paka," akaanza, kisha akaachana na paka. Akamgeukia mumewe. "Kiingereza chako hakina kasoro, Fundi. Ila mimi sikununa kwa Kiingereza."

Msasa ukaanguka. Fundi akakohoa, akatazama dari, akamtazama paka, paka akageuza uso.

"Samahani, mke wangu," akasema. "Lile pazia halikuwa langu."

"Rudia, sijasikia vizuri." Muongo huyo! Alikuwa amesikia yeye na majirani.

Akarudia, safari hii bila kukohoa. Mke akajifuta macho kwa kiganja, akamvutia kiti.

"Chakula kiko mezani," akamwambia yeye mwenyewe, na paka akaendelea kulala.