Mama Mkwe Chini ya Tuta

Spana, fundi magari mstaafu, alikuwa na bwawa lake mwenyewe, na ole wako uliite dimbwi. Udongo wa tuta la kuzuia maji aliushindilia kwa mikono yake, na maji yake ndiyo yaliyonywesha nyanya zote za mteremkoni. Sasa mkaguzi wa mabwawa alikuwa anakuja kulipanga daraja la hatari. Likipewa daraja la juu, maji yangefunguliwa yote mpaka mhandisi alijenge upya, na Spana mhandisi angemtoa wapi? Nyanya zingekauka, basi.

Kwa hiyo alifyeka nyasi, akaziba mashimo ya panya, akavaa lile shati la harusi ya binti yake. Mkaguzi, dada mmoja mchangamfu mwenye buti za matope, alipanda tuta, akaligonga kwa kisigino, akakagua mfereji wa kupunguzia maji yakizidi.

"Mzee, kazi yako safi."

Laiti Spana angenyamaza hapo! Lakini yeye na sifa ni chanda na pete.

"Hili halibomoki leo wala kesho! Unaona kile kijumba kule chini? Nimemjengea mama mkwe. Ningemlaza pale kama nina wasiwasi?"

Mkaguzi akaacha kutabasamu. "Kuna mtu analala pale?"

"Kila siku! Na anakoroma."

"Basi ni daraja la juu, mzee. Hatuangalii uimara wa tuta tu. Tunauliza, likibomoka, maji yatamkuta nani."

Mke wa Spana, aliyesimama nyuma na birika la chai, akauliza taratibu, "Kwa hiyo, baba watoto, mama yangu umemweka kwenye njia ya maji?"

"Mke wangu, nilitafuta kivuli tu..."

Uongo mtupu. Alichotafuta ni umbali. Bibi yule alikuwa na mdomo, Mungu amsamehe, na hakuna kilichompita.

"Asipolala mtu kule, daraja linashuka," mkaguzi alisema. "Nitapita tena nikitoka kwa jirani."

Chumba kilichobaki nyumbani kilikuwa kimoja, cha redio ya Spana, nacho alikipenda kama roho yake. Akaangalia nyanya, akaangalia kijumba. Ndipo kwa mara ya kwanza akamfikiria bibi wa watu amelala, na maji yote yale juu ya kichwa chake. Aibu ikamshika, aibu ya kweli. Akateremka, akajitwika godoro.

"Mama, twende juu."

"Mkwe wangu, leo umelewa?"

Jioni mkaguzi aliandika daraja la chini, akaenda zake. Spana hajakaa sawasawa, sauti ya bibi ikatoka dirishani mwa chumba cha redio: "Wewe mkwe! Kuna panya buku ameingia tutani, kona ya kushoto, na hajatoka! Au ulifyeka umefumba macho?"

Spana akashuka akibisha njia nzima. Alipofika, akapiga magoti, akaingiza mkono shimoni. Ukazama mpaka kwapani.

Akageuza shingo. Kijumba kilikuwa chini yake hasa, mlango wazi, kitupu.

"Mama!" akaita. "Kesho nalipanua hilo dirisha!"