Jibu Lililobaki Pembeni

Umeme ulikatika mtaa mzima wa Bwiza wakati mashini ya kudarizi ya Zubeda iko katikati ya ua la dhahabu. Uliporudi, kioo kidogo cha mashini kiliandika kwa Kifaransa kwamba mhimili haupo mahali pake, na sindano haikutikisika tena.

Vitambaa vilikuwa vya imvutano, nguo za sherehe za wasindikizaji wa bibi harusi. Mama wa bibi harusi, Léocadie wa Kinanira, alikuwa ameshasema wazi: visipokuwa tayari saa kumi, anavichukua na kumpa fundi mwingine.

Kudra, mtoto wa dada yake Zubeda, aliketi kando ya mashini na simu yake. Alikuwa amemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Alifungua jukwaa la mafundi wa kudarizi, akatafuta.

"Umeona kitu?" Zubeda aliuliza.

"Naona, mama mudogo. Kuko fundi wa Buyenzi, Ilias, aliuliza shida hii hii."

"Basi soma."

Kudra alisoma. Chini ya swali la Ilias kulikuwa na salamu, kisha pole, kisha dua, kisha pole nyingine. Hakuna aliyetaka kuonekana mtu asiye na adabu kwa kutoa shauri bila pole, na waliokwisha kutoa pole waliona wametimiza wajibu. Mwishoni kabisa mtu mmoja, Twalibu, aliandika: "Ndugu yangu, njoo pembeni," yaani kwenye ujumbe wa wawili tu. Siku iliyofuata Ilias aliandika: "Alhamdulillahi, imepona. Mungu awalipe wote."

Hapo mazungumzo yaliishia.

"Imepona na nini?"

"Hawakuandika."

"Asante wameitoa mbele ya watu, na dawa wameificha mufukoni," Zubeda alisema, akavuta kiti.

Kudra, ambaye kwa kawaida alisoma tu bila kuandika, aliuliza swali lake. Msimamizi wa jukwaa, Melchior, alilifunga papo hapo: "Limeshajibiwa. Tafuteni kabla ya kuuliza." Akaweka njia ya kwenda huko lilikojibiwa. Kudra aliibonyeza. Ilimrudisha kwenye pole na dua za Ilias.

Alimgeuzia Zubeda simu aone.

"Mupigie huyo Ilias. Namba yake si iko hapo?"

"Simujui, mama mudogo."

"We unaogopa mutu wa kwenye simu. Mi naogopa Léocadie."

Ilias aliitikia kwa upole. Aliuliza hali ya nyumba, akauliza na wazee, na Kudra akajibu yote huku akiitazama saa ya ukutani. Ndipo alipoweza kuuliza.

"Ah, ile. Umeme ukikatika, mhimili unabaki katikati ya njia. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mukono, polepole, mupaka alama ifike kwenye namba mia."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Mbona hukuandika, kaka?"

"Wateja wangu wanasoma pale, dada. Niandike nilishindwa kuzungusha gurudumu? Twalibu aliniheshimu, akaniambia pembeni."

Kudra alimwonea huruma. Hasira haikuondoka.

Zubeda aliivuta mashini kutoka ukutani, akazungusha. Kioo kilisafika. Sindano ilianza kupiga, na ua likaendelea pale lilipoachwa. Walikuwa bado wanalitazama saa kumi ilipofika, na Eddy, dereva wa Léocadie, akaingia na mfuko mtupu.

"Madame ameniambia nichukue vyote."

"Mwambie mashini imepona. Si unaisikia?"

"Nimemwambia kwa simu nikiwa mulangoni. Amekwisha patana na fundi wa kule kwao."

"Hata hiki kilicho kwenye mashini?"

"Hata hicho, mama. Munisamehe."

Zubeda alizima mashini, akafungua fremu na kukata uzi. Eddy alikunja vitambaa taratibu, akatoka bila kumtazama mtu.

Kudra alimwandikia Melchior. Hakuanza na salamu. "Umenifungia swali, ukanipeleka mahali pasipo na jibu. Jibu ni hili." Akaeleza gurudumu, alama na mia. "Liweke juu kabisa, chini ya swali, kabla ya pole. Usimtaje Ilias. Sema ni mimi niliyeshindwa."

"Unaandika jina lako?" Zubeda aliuliza.

"Ndiyo."

"La duka usiliweke."

Kudra aliweka lake peke yake, akatuma.