Shavu la Mwelimishaji

Siku ambayo Damiano alitakiwa kuwafundisha wenzake namna ya kumhudumia mtu aliyeumwa na nyuki, nyuki alimuuma yeye mwenyewe, saa mbili kasoro asubuhi, kwenye shavu la kulia, chini kidogo ya jicho. Hata adui yake asingepanga vizuri zaidi ya hapo.

Wala hakuwa porini. Alikuwa nyuma ya nyumba yake hapo Inyonga, ananawa uso. Agosti ni mwezi wa kiu; vijito vimebaki mchanga mtupu, na nyuki huja kunywa popote wanapoona maji. Damiano aliinama kwenye beseni, akachota kwa viganja viwili, akajimwagia usoni pamoja na mnywaji mmoja ambaye hakuwa amemaliza.

"Mamaa!"

Alipiga ukelele, halafu upesi akajiziba mdomo. Kwa miaka kumi na tisa Damiano amewatangazia watu kwamba nyuki hawamuumi. "Wananijua," husema. "Wakinusa harufu yangu wanaambiana, huyu ni wa nyumbani." Ukweli ni kwamba humuuma kama wanavyomuuma mtu mwingine yeyote, ila yeye huumwa porini kwenye mizinga yake mingi, ambako hakuna shahidi, na mpaka arudi nyumbani uvimbe unakuwa umeshuka.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Saa tisa alasiri kikundi cha warina asali kingekutana kumchagua mwelimishaji: mtu wa kuzunguka vijijini na kuitwa mwalimu. Damiano na mgombea mwenzake, Leonidas, kila mmoja angetoa somo la majaribio. Damiano aliutaka ualimu huo kuliko alivyowahi kutaka kitu, maana shule aliiacha darasa la nne akaenda kuchunga mbuzi wa watu, na tangu hapo wa kumwita mwalimu hakutokea. Kikundi kilikuwa kimempeleka Mpanda kwenye semina ya siku mbili. Siku ya kwanza alisinzia. Siku ya pili aliingia sokoni kutafuta spoku za baiskeli. Kijitabu alichopewa alikifunga kwenye nailoni kisichafuke, akakiweka juu ya kabati, na hakukigusa tena.

Sasa, jambo la kwanza alilofanya ni kuukamata mwiba kwa vidole viwili, akaubana, akauvuta. Ulitoka, sikatai. Ila kile kifuko cha sumu kinachoning'inia kwenye mwiba alikikamua chote ndani ya shavu lake, kama anayekamua chungwa. Shavu likaanza kuinuka taratibu, kama andazi kwenye mafuta.

Mke wake, Generosa, alikuwa ameenda mashineni kusaga. Aliyechungulia juu ya ua ni jirani yao, Egide.

"Jirani, umepigana na nani?"

"Jino hilo," Damiano alisema.

"Jino limehamia jichoni?" Egide aliruka ua bila kukaribishwa. "Hilo ni la nyuki. Ngoja, dawa ninayo."

Egide amekulia Katumba, kwenye mashamba ya tumbaku, na anaamini kwamba duniani hakuna shida isiyoshindwa na tumbaku. Alitoa jani mfukoni, akalitafuna mpaka likawa uji mweusi, akautema kiganjani na kumbandika mwenzake.

"Inavuta sumu. Babu yangu aliumwa na nge, akapakwa hii hii."

"Akapona?"

"Alikufa, lakini baadaye sana."

Dakika tano hazikupita, ule uji ukateremka hadi kwenye jicho. Damiano akalia machozi ya mtu aliyefiwa. Egide alipoona tiba inaingia, akaaga, akaenda zake kazini.

Damiano akajifuta, akaingia ndani, akachukua dawa ya meno. Aliwahi kusikia inapoza. Ilipoza kweli, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha ikaanza kumchoma palepale tumbaku ilipokwisha kumchubua. Hapo ndipo akakumbuka kwamba ana ndoo nzima ya asali chumbani. Si wanasema asali inaponya vidonda? Basi mwenye mali ateseke kwa nini? Akajipaka shavu lote, akatoka nje, akakaa kwenye kivuli ili ikauke.

Kosa hilo mchuuzi wa nyanya asingelifanya, maana asali ya kupaka asingekuwa nayo. Ni mrina asali peke yake anayeweza kujipaka kilo ya chakula usoni na kwenda kukaa nje mwezi wa Agosti, maua yameisha, nyuki wana njaa, na mizinga minne inaning'inia nyuma ya nyumba.

Hawakuja kwa ugomvi, walikuja kula. Wangekula wakaondoka. Lakini Damiano, anayewaambia watoto kila siku kwamba nyuki hapigwi kofi, alipiga kofi. Mmoja akamuuma kwenye paji la uso, wa pili kwenye ncha ya sikio la kushoto. Akakimbilia ndani na kufunga mlango.

Dakika hiyohiyo Generosa akarudi, unga kichwani.

"Baba Method! Usoni kumekuwaje? Nani amekuunga viungo?"

Damiano alieleza. Generosa hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha. Alitua unga, akamshika kidevu.

"Koo linabana?"

"Hapana."

"Unapumua vizuri? Ulimi haujavimba? Mwili mzima unawasha? Kizunguzungu?"

"Hapana. Naona aibu tu."

"Aibu haimo kwenye dalili hizo. Ungeniambia koo linabana, saa hizi uko kwenye bodaboda unakwenda hospitali. Tulia."

Alichukua kadi yake ya kupigia kura, akakwangua mwiba wa kwenye paji, kisha wa sikioni. Hakubana, alikwangua tu kama mtu anayetoa ukoko. Akamwosha uso wote kwa maji na sabuni, asali, dawa ya meno na tumbaku vikatiririka pamoja. Akachovya kitambaa kwenye maji baridi ya mtungini, akamkanda.

"Na usijikune."

"Haya umejifunzia wapi?"

"Kwenye kijitabu chako. Nilikisoma chote wewe unakoroma."

Ilipofika saa nane, paji la uso lilikuwa na kinundu kidogo tu na sikio lilikuwa jekundu kidogo. Lakini shavu! Jicho lilifumba, ngozi ilichubuka, na doa la tumbaku lilikataa kutoka.

"Siendi," Damiano alisema. "Miaka kumi na tisa, mama Method. Nikionekana hivi nimekwisha."

"Usipokwenda watamchagua Leonidas."

Akavaa shati.

Ukumbini watu walipasuka kwa kicheko. Monika, mrina asali mwenye ulimi mkali kupita wote, alisimama kabisa.

"Damiano, hao wanaokujua leo wamekusahau, au wamekukumbuka vizuri?"

"Nyie chekeni tu," alisema Damiano, akisimama mbele. Alifungua mdomo aseme ukweli, lakini uongo ulikuwa karibu zaidi. "Nimefanya makusudi!"

Kicheko kikakatika.

"Semina inafundisha kwa maneno. Mimi nikasema hapana, watu wangu waone kwa macho. Shavu hili ni la makosa: nimeubana mwiba kwa vidole, nimeweka tumbaku, dawa ya meno, na asali, tena nikakaa nje. Sasa tazameni paji na sikio: mwiba umekwanguliwa upesi, sabuni na maji, kitambaa cha baridi. Basi. Na mtu akibanwa koo au akiishiwa pumzi, hakuna tumbaku wala kijitabu, ni hospitali mbio."

Waliinuka mmoja mmoja wakaja kukagua. Wakalinganisha. Monika alibonyeza shavu kwa kidole, Damiano akauma meno. Kule nyuma Generosa alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mikono ikanyanyuliwa yote, hata wa Leonidas. Mwalimu! Damiano alilia kwa jicho moja.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti, mzee Wiliam, "nina umri huu sijaona somo linaingia kichwani namna hii. Jumatatu tunaanza Kibaoni, kisha vijiji sita. Utafundisha hivihivi, makosa upande mmoja, usahihi upande mwingine. Usihangaike, nyuki tutabeba sisi."

"Tena wanamjua," Monika aliongeza.

Damiano alimtafuta mkewe kwa jicho lililobaki. Generosa alisimama, na roho ya Damiano ikatulia.

"Mwenyekiti," alisema Generosa, "hilo shavu la kulia lipumzike kwanza. La kushoto bado zima."

Mwalimu akanyoosha mkono kuomba kusema jambo. Wakadhani anashukuru, wakampigia makofi.