Moshi Juu ya Mikastanya

Tendegu la kwanza lilikataa. Argene aliliegemeza kwenye kizingiti, akalipiga tena kwa shoka, na safari hii likavunjika kwa mlio mkavu. Mlio huo ndio alioutaka. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba miaka na miaka haina maji, na mbao isiyo na maji haifuki moshi.

"Kitanda nacho?" aliuliza Zelinda, mke wa mwanawe. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani.

"Nacho."

"Sasa tutalala wapi, mama?"

"Chini. Aliyelala chini haanguki."

Zelinda hakucheka. Alimhamisha mtoto upande wa pili, na mtoto akavuta titi, akaliachia, akalia kwa hasira. Argene alijifanya hakusikia. Wiki nzima alikuwa akijifanya hasikii kilio hicho, kwa sababu alijua maana yake vizuri kuliko mama mwenyewe: maziwa yalikuwa yanakwisha.

Kitanda kilikuwa cha mkastanya, kama kila kitu kijijini kwetu, kuanzia milango mpaka majeneza. Marehemu Beppe alikichonga mwaka aliomwoa Argene. Mwanawe Amerigo alizaliwa juu yake, Amerigo huyo ambaye vita vilimchukua na ambaye barua zake zilikoma. Argene aliyakumbuka yote hayo pale uani, akalia kidogo, na hakuacha kupiga shoka.

Vita vilikuwa vimekwama juu ya vichwa vyetu tangu mwanzo wa vuli. Askari wa upande mmoja walikuwa juu kwenye tuta la mlima, wa upande wa pili chini mtoni, na sisi tulikuwa katikati, hatukuulizwa na mtu. Wale wa juu walikuwa na mizinga na darubini. Chochote kilichofuka moshi walikipiga, maana kwao moshi ulikuwa askari anayepika. Ng'ambo ya kijito watu waliwasha tanuri la mikate. Mkate haukuiva. Tanuri liliondoka na Nunziata aliyekuwa akilichochea, na wanawe wawili wakabaki wanazunguka pale wakiokota vigae.

Basi mwambie mtu wa milimani kwetu asifukize moshi mwezi wa Novemba. Unga wetu ni wa kastanya, kokwa za mikastanya hiyo zinazokaa ndani ya maganda ya miiba. Ngano haioti kwenye mawe haya, na mahindi hatuyajui ila kwa kuyasikia. Kastanya mbichi zikirundikwa zinaingia kuvu na funza katika muda mfupi, kwa hiyo tunazikausha katika banda la mawe lisilo na dohani. Moto unakaa chini katikati, kastanya zinalala juu kwenye uchaga wa fito, na moshi unajipitisha humo na kutokea kwenye vigae. Inachukua mwezi na zaidi, mchana na usiku. Ukiuzima moto zinatoa jasho, na zikishatoa jasho zimekwisha. Zikikauka zinatwangwa, zinasagwa, na huo ndio ugali mpaka vuli nyingine.

Kila mtoto wa kwetu anafundishwa mapema kwamba moto wa banda haupaswi kuwaka. Unaweka kisiki kibichi, unakifunika kwa makapi ya mwaka jana, kinafuka taratibu. Ndimi zikiinuka, fito zinashika, na chakula cha nyumba zote nne zinazoshiriki banda kinateketea kwa muda wa kusali rozari. Mama yake Argene alilinda moto huo, na Argene baada yake. Sasa alikuwa akifanya kinyume cha yote aliyofundishwa: vijiti vikavu, moto mdogo wenye ndimi za urefu wa kidole, na yeye amekaa mbele yake na ndoo ya mchanga, haondoi macho. Moshi uliotoka kwenye vigae ulikuwa mwembamba, hauonekani hata ukiwa umesimama kando.

Kuni kavu zilikwisha siku za mwanzo. Zikafuata kochi na viti, rafu za vyombo, kasha la kukandia unga. Jirani yao Olinto, mzee mwenye mguu mmoja mbovu aliyekuwa zamani akiendesha nyumbu, alileta mlango wa nyumba yake ameubeba mgongoni. Alisema kwamba wezi wakija wataona haya wenyewe. Zelinda alitoa vyote isipokuwa susu ya mtoto, kitanda chake kidogo cha mbao. Hiyo aliificha chini ya gunia, na Argene aliiona, akaipita.

Zamani, vuli ilikuwa msimu wa kelele. Tangu Oktoba wanawake walishuka shambani na aproni zimefungwa kama mifuko, migongo imepinda, vidole vimejaa miiba ya maganda, wakiimbiana matusi kutoka mti hadi mti. Jioni watu walijazana bandani chini ya uchaga, macho yanachuruzika kwa moshi, na hakuna aliyetoka kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na joto, hadithi na wachumba. Beppe hakuwahi kumtongoza Argene kwa maneno. Alikaa karibu naye majira mazima akimmenyea kastanya za kuchoma, moja moja, akimwekea mapajani bila kumtazama. Argene alizimaliza zote.

Mwaka huu bandani alikuwa peke yake. Hata Siku ya Wafu ilipita kimyakimya. Alichemsha konzi ya kastanya, akaziacha mezani kwenye bakuli usiku kucha, kama ilivyo desturi, ili marehemu wakipita wapate cha kutafuna. Aliweka za Beppe na za mama yake. Mkono ulisita kwenye za Amerigo. Kumwekea ni kusema amekufa, na kutomwekea, kama amekufa, ni kumwacha apite na njaa. Hakumwekea. Asubuhi alikuta bakuli tupu na maganda yamefichwa chini ya majivu jikoni. Zelinda alikuwa ameinamisha uso. Argene aliosha bakuli, akalirudisha mahali pake.

Tendegu la mwisho liliisha siku ambayo ukungu ulishuka.

Ulikuwa ukungu mzito, kanisa halikuonekana kutoka kisimani. Ulikaa siku hiyo, na iliyofuata. Olinto alikuja akipapasa kuta, akasema kwa furaha kwamba Mungu amewatandikia shuka. Argene alilitazama banda, akaitazama mikono yake mitupu. Kastanya zilikuwa zimebakiza siku chache tu. Ukizitikisa sikioni zilianza kulia ndani ya maganda. Akafanya kile ambacho kila mlinda moto wa kwetu angekifanya. Alikokota kisiki kibichi, akakilaza juu ya makaa, akakifunika kwa makapi, akakiacha kifuke.

Harufu ya utotoni ikajaa bandani. Ilikuwa tamu mno kwake, akaegemeza kichwa ukutani na kusinzia kwa mara ya kwanza baada ya majuma. Hapo ndipo alipokosea. Hakuuliza ukungu utakaa mpaka lini.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, upepo wa baharini ulipanda bonde na kuuchana ukungu vipande. Olinto ndiye aliyeona. Alifika mlangoni anahema, mguu mbovu unaburuzika nyuma yake.

"Argene, mwaga maji."

Aliruka nje. Anga lilikuwa la samawati, safi kabisa, na juu ya vigae vya banda moshi mweupe ulikuwa umenyanyuka wima, mnene kama shina la mti. Watu walikuwa tayari wanakimbilia ghala la chini ya kanisa. Mtu aliita jina la Argene kwa laana.

"Nikimwaga maji, mvuke unakwenda wapi?" alisema.

"Najua unakokwenda."

"Unapanda kwenye kastanya. Kesho kutwa ni kuvu tupu. Mtoto wa Amerigo atanyonya nini Januari?"

"Na wakipiga hapa, atanyonya nini leo?"

Aliutazama moshi. Alitamani Beppe awepo, au mama yake, au mtu yeyote wa kumwambia afanye nini, na hakukuwa na mtu. Kisha akasema polepole, kana kwamba anajifunza maneno, "Lakini hawalitafuti banda, Olinto. Wanatafuta moshi."

Akachukua sufuria kubwa la shaba la ugali, akaingia. Kwa koleo alikichomoa kisiki, akakiangushia sufuriani pamoja na makaa yaliyokishika. Makapi yaliyobaki aliyazoa kikapuni, akakibeba mgongoni. Macho yalimwaka, nyusi zikanuka kuungua.

"Nipe mimi," alisema Olinto akishika mkono wa sufuria.

"Wewe na mguu huo? Utafika Pasaka. Baki na moto. Mbao kavu, kidogo kidogo, usiuache ukakuzidi."

"Mbao gani? Hamna mbao."

Zelinda alikuwa amekwisha kufika. Hakukimbilia kanisani pamoja na wengine. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni kwa shali, na mikononi alibeba susu, tayari imevunjwavunjwa. Alizitua mbao mbele ya Olinto bila neno. Halafu akamshika mama mkwe wake mkono na kumwomba amtume yeye. Alisema yeye ana miguu ya ujana.

"Wewe una maziwa," alisema Argene. "Nenda kanisani, mwanangu. Nenda sasa hivi."

Argene akaondoka na sufuria.

Njia ya shambani ilishuka kwa ngazi za mawe, na sufuria lilimchoma kiunoni kupitia nguo. Hakupumzika mpaka alipozivuka kuta zote na kufika katikati ya mikastanya, mbali na paa la mtu yeyote. Majani yalikuwa yamepukutika. Akalitua sufuria kwenye nafasi wazi kati ya miti miwili, mahali ambapo darubini isingeweza kulikosa, akamwagia makapi kwa mikono yote miwili. Moshi ulizama kidogo, ukakohoa, kisha ukasimama mnene na mweupe.

Aligeuka kutazama kijijini. Juu ya banda palibaki utando mwembamba, nao ulikuwa unakatika. Hewa juu ya vigae ilitetemeka kwa joto, basi. Olinto alikuwa anajua kazi.

Sasa angeweza kukimbia, kama si makapi. Makapi yanakwisha upesi. Asipoyaongeza konzi kwa konzi moshi ungekufa, na macho ya juu yangerudi kupekua paa moja baada ya jingine. Akaongeza konzi. Kikapu kilikuwa bado nusu. Alikuwa anaogopa, anaogopa sana, na alisema hivyo kwa sauti, "Naogopa," kwa kuwa hakukuwa na wa kumficha.

Kando ya sufuria, chini ya majani, aliona kastanya iliyosahauliwa na waokotaji. Aliigeuza. Haikuwa na tundu la funza. Akaitia kwenye aproni, akaona nyingine karibu na mzizi.

Huko juu kwenye tuta mzinga uligonga mara moja, mzito, kama mlango unaofungwa katika nyumba ya mbali. Argene akatupa konzi nyingine ya makapi kwenye moto, akainama kuiokota ile kastanya ya pili.