Ncha Iliyobaki Katika Taya

Mjukuu wangu Mugeni alipokuwa na umri wa miaka minane, shavu lake la kushoto lilivimba kwa mara ya tatu katika mwaka mmoja. Baba yake, Thomas, alijaribu kumchekesha mezani.

"Umeficha andazi humo, mama? Litoe tugawane."

Mugeni hakucheka. Alikwisha kuacha kucheka tangu wenzake shuleni walipoanza kumwita Bibi Kizee, kwa ajili ya mapengo mawili ya juu ambapo meno ya chonge hayakuota kamwe. Alikula uji tu. Alikonda, akasinzia darasani, na homa ilimjia na kumwacha pasipo vipimo vya malaria kuonyesha lolote. Mara mbili binti yangu Gahongayire alitaka kumpeleka kwa daktari wa meno, na mara mbili nilimzuia. Nilisema meno ya utoto hung'oka yenyewe, na kwamba mtoto anayedekezwa hukua akawa mtu mzima wa kulialia. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Kagarama neno langu halikupingwa.

Sababu yangu ya kweli ilikuwa nyingine. Niliogopa mtu mwenye elimu asije akatazama ndani ya kinywa kile.

Mugeni alipokuwa na miezi saba, wazazi wake walisafiri kikazi, mmoja Nairobi na mwingine Dar es Salaam. Flaviana, dada mkubwa wa Thomas, alikuja kutoka Ngara, Tanzania, kunisaidia kulea. Siku ya pili mtoto akashikwa na homa na kuharisha. Flaviana alitaka twende kituo cha afya. Mimi nami, kabla hatujarejea nchini kwetu, nilikulia Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, ambako wazee wetu waliamini kwamba mtoto mchanga anayeharisha ana meno ya plastiki: meno mabaya, laini, yaliyojificha chini ya ufizi, ambayo yasipochokolewa humuua. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri na kutumikia forodha miaka thelathini, na bado niliyaamini hayo.

"Mzee, huyu anaharisha tu," alisema Flaviana. "Anahitaji maji ya chumvi na sukari, na daktari."

"Umezaa wangapi wewe?" nilimuuliza.

Hakuwa amezaa.

Nilimpeleka mtoto Gisozi, kwa mama mmoja mchokoaji wa meno hayo, aliyeishi nyuma ya karakana za maseremala. Alitumia sindano ya kushonea magunia. Nilimwamuru Flaviana amshike mtoto. Kilio cha kwanza kilipopasuka, nilitoka nje nikasimama kando ya mbao mpaka kilipokwisha.

Siku ya tatu baada ya hapo tulikuwa hospitalini. Madaktari walisema kidonda cha ufizi kilikuwa kimetia sumu katika damu, na mtoto akalazwa majuma matatu. Thomas aliporejea, alituuliza ukumbini ni nani aliyefanya jambo lile.

"Mimi sikuwapo mtoto alipochokolewa," nilijibu.

Ilikuwa sentensi ambayo hakimu yeyote asingeweza kuiita uongo. Flaviana alinitazama usoni.

"Mzee, sema."

Sikusema. Thomas alimwamini baba mkwe wake kama alivyofunzwa, akamfukuza dada yake siku ile ile. Mama yao alipofariki miaka miwili baadaye, nilihudhuria maziko. Ndugu wale wawili walisimama pande mbili za kaburi, wala hawakupeana mikono.

Basi shavu lilipovimba mara ya tatu, Gahongayire hakuniuliza tena. Alimvisha mtoto sweta, na wote wanne tukaenda kliniki moja ya meno huko Remera. Daktari alikuwa Mkenya aitwaye Wanjiru, mwanamke wa maneno machache. Alimpiga Mugeni picha ya taya, akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta.

"Chonge za utoto zilichokolewa," alisema. "Zile za ukubwani ziliharibiwa zikiwa bado mbegu. Sasa usaha umeingia kwenye mfupa, na hizi homa zake zote zinatoka hapa. Mkidhani kinywa kinaugua peke yake mnajidanganya. Damu inachukua uchafu huu na kuupeleka popote. Nimesikiliza moyo wake. Siyapendi mapigo yake. Lazima apimwe."

"Moyo?" aliuliza Gahongayire. "Kwa sababu ya jino?"

"Ndiyo, mama. Na hiki hapa ni nini?"

Aligusa alama nyeupe, nyembamba, isiyozidi punje ya ulezi.

"Hiki ni chuma. Kabla sijapasua nataka kujua kama ni kimoja ama ni viwili. Nani alikuwa na mtoto siku hiyo?"

"Wifi yangu," alisema Gahongayire. "Yule katili."

Thomas alitoa simu. Kumbe namba ya dada yake hakuwahi kuifuta. Aliipiga, akafungua sauti ili daktari asikie.

"Dada, ni Thomas."

"Nani amefariki?" Flaviana aliuliza.

"Hakuna. Tuko kwa daktari wa meno na Mugeni. Kuna chuma ndani ya taya lake. Ulimfanya nini mwanangu?"

"Miaka minane, halafu unanipigia kuniuliza lile lile?"

"Nijibu, dada."

"Baba mkwe wako yupo hapo?"

"Yupo."

"Shikamoo, mzee."

Niliwafunza watu wa nyumba yangu kwamba shikamoo hujibiwa, hata ikitoka kwa adui. Nilifungua kinywa ili nijibu, na marahaba haikutoka. Wote walinigeukia. Mugeni naye alinitazama kutoka kwenye kile kiti kirefu, shavu lake likimetameta kwa uvimbe.

"Flaviana hakumpeleka," nilisema. "Nilimpeleka mimi. Yeye alikataa, nikamlazimisha amshike."

Gahongayire aliketi. Thomas alibaki ameishika simu mbele yake kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka. Daktari ndiye aliyeisogelea.

"Dada, hapa ni Daktari Wanjiru. Sindano ilivunjika?"

"Ilivunjika, daktari. Mara moja tu, ile ncha. Tuliitafuta kwenye kanga hatukuiona. Yule mama akasema imeanguka sakafuni. Nilitaka kuwaambia madaktari hospitalini, lakini Thomas alisema nikisogelea wodi ataita polisi. Mzee hakuijua habari hiyo. Alikuwa nje."

Hakika sikuijua. Katika familia yetu mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba sindano ilivunjika, na mtu huyo nilimwacha afukuzwe kabla hajaulizwa. Kwa miaka minane niliona fahari kwamba sikutamka uongo.

"Dada," Thomas alisema.

"Mtoto anakula?"

"Uji tu."

"Usiwe wa moto," alisema Flaviana, akakata simu.

Mugeni alijiinua kidogo kitini.

"Babu, nilikuwa ninalia?"

"Ulikuwa unalia."

"Na wewe ukatoka?"

"Nilitoka."

Alimgeukia mama yake, akamwomba maji.

Alipasuliwa Ijumaa. Walitoa ile ncha, wakakwangua mfupa, wakang'oa meno mengine mawili. Daktari wa moyo alikuta valvu moja ina kovu na inavuja. Akasema mtoto ataangaliwa maisha yake yote, na kwamba kila atakapotibiwa jino atatanguliziwa dawa ya kuulinda moyo. Thomas alikwenda Ngara kumleta dada yake. Flaviana alikuja, akalala wodini pamoja na mtoto siku tano, akimlisha kwa kijiko kidogo. Mugeni aliporuhusiwa kurudi nyumbani, akalia akitaka shangazi yake aje naye, Flaviana alijibu kwa adabu kwamba hawezi kulala katika nyumba ninamolala mimi.

Niliambiwa hayo na binti yangu, akiwa amesimama mlangoni pa chumba changu. Nikamwambia nitahamia Rwamagana, kwa mdogo wangu Silvère. Nilingoja aseme kwamba si lazima, kwamba nyumba ni yangu, kwamba mambo yatatulia.

Gahongayire aliingia ndani, akaanza kunisaidia kukunja mashuka.