Kigawo cha 1,022,117

Tangu adhuhuri Mwalimu Mwanarusi hakutulia. Alikaa, akasimama, akafunika chai akaisahau, akatoka barazani akarudi ndani bila kujua alichokifuata. Kilichomkera kilikuwa karatasi ya Kanze.

Kesho yake asubuhi gari lingempeleka msichana mmoja wa shule yao ya Msambweni kwenye mashindano ya hisabati Mombasa. Aliyeshinda mchujo ni Husna, bintiye mwenyewe, kwa alama moja tu. Wa pili ni Kanze wa Mkongani. Swali lililowatenganisha alilitunga yeye: je, 1,022,117 ni nambari tasa, yaani isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe? Kabla ya kulitoa alishinda nalo mchana kutwa, siku kumi na moja, akiigawanya nambari hiyo kwa kila tasa iliyoorodheshwa katika kitabu chake cha zamani: mbili, tatu, tano, hadi 997, ukurasa ulipoishia. Kila mara kulibaki kitu. Akaandika jibu kwa wino, na roho yake ikaridhika mno.

Husna naye aliandika tasa. Kanze aliandika nambari mbili tu, 1,009 na 1,013, bila hesabu yoyote, na Mwanarusi akamkata kwa kalamu nyekundu. Kasichana kanabahatisha, alijiambia.

Lakini kwani orodha ya kitabu ndiyo mwisho wa nambari? Swali hilo lilimvamia akiwa kwenye sala, na tangu hapo halikumwacha. Anayetafuta kigawo hana ruhusa ya kusimama mpaka afike kwenye kipeuo cha pili, nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huirudisha ile ya mwanzo, na cha nambari hii kilikuwa elfu moja na kumi na ushei. Yeye alisimama kwenye 997, akajipongeza.

Akavuta karatasi. 1,009 mara elfu moja: 1,009,000. Mara kumi na tatu: 13,117. Akajumlisha, kisha akajumlisha tena kuanzia chini. 1,022,117 kamili. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Husna alikuwa chumbani akipiga pasi sare ya safari.

"Mwanangu, nimekosea. Kanze ndiye aliyepata. Safari ni yake."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Inagawika kwa elfu moja na tisa. Niliipata, kisha nikaifuta." Husna alikuwa bado anainyoosha kola. "Nilikuona ukiihangaikia siku zote zile bila kupata kigawo. Nilijua utasahihisha kwa jibu lako, si kwa hesabu yangu."

Mwanarusi alikosa pa kujiweka. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia watoto wa watu waiamini hesabu, wasimtazame mwalimu usoni. Wa kwake, ndani ya nyumba yake, alikuwa amejifunza kuusoma uso. Ilimuuma, na hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa.

"Nampigia mwalimu mkuu sasa hivi," alisema. "Kisha tunakwenda Mkongani, mimi na wewe. Utamwambia Kanze mwenyewe kwamba ulijua."

Husna aliizima pasi, akainua kichwa.

"Na wewe, mama, utamwambia nini?"

Mwanarusi alikuwa tayari ameshika buibui lake mkononi.

"Kwamba sikuzizidisha nambari zake mbili," alisema.